Natafuta darasa la mbwa Dar, kila mwalimu ananiuliza: "Wa kung'ata au wa kubweka?"

MamaKashata (Goba)

Wakuu, habari za leo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke mpaka chini akutane na swali.

Nina mbwa jike wa miezi mitano, anaitwa Kashata. Mama yake ni wa kienyeji kabisa, anaishi kwa fundi wa mageti hapa mtaani. Baba yake wanasema ni German Shepherd, mimi sikuwepo. Ana rangi ya sukari iliyoungua yenye madoa meupe kama nazi, ndiyo asili ya jina. Chanjo amepata zote, ya kichaa cha mbwa alichomwa alipotimiza miezi mitatu, kadi ninayo. Kwa afya sina neno naye. Shida ni adabu.

Kumtembeza barabarani ni kazi ya kubeba mizigo. Anavuta kamba mpaka nafika dukani nimeshika bega. Bodaboda ikipita anaifuata kama imemtukana mama yake. Na kila anayeingia getini lazima arukiwe kifuani, si kwa ubaya, kwa furaha tu, lakini nani atakaa kumchambulia mbwa nia yake?

Wiki tatu zilizopita jua linazama, mtoto alikuwa anaingiza ndoo za maji, geti likabaki wazi. Mama jirani alikuwa ametoka kwake, ameshatawadha, kanga ya kuswalia iko begani. Kashata akachomoka, akamrukia, akamlamba mkono mpaka kwenye kiwiko. Yule mama hakupiga hata kelele. Alisimama ameinua mikono juu, akaniambia taratibu: "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mbwa wako, ila magharibi ndiyo hiyo inanitoka." Akarudi ndani. Nilibaki pale getini nimemshika Kashata mkanda wa shingo, namsikia anajimwagia maji. Mara ya kwanza na udongo, kisha maji, maji, maji. Mpaka ya saba nilihesabu. Natamani angenitukana.

Kesho yake nikaenda kuomba radhi. Akanikalisha barazani, akasema neno moja tu: "Mfundishe. Mbwa anafundishika." Basi nikaanza kutafuta darasa, na hapo ndipo nilipoijua Dar.

Wa kwanza nilipewa namba yake na kijana anayeuza watoto wa mbwa. Napiga, hajauliza jina la mbwa wala umri, swali la kwanza: "Unataka wa kung'ata au wa kubweka?" Nikamwambia nataka wa kukaa chini akiambiwa. Kimya. Halafu: "Sasa mama, huyo atakulindaje?" Bei yake laki nne, mbwa anakaa kwake mwezi mzima, na wiki mbili za mwanzo mwenye mbwa haruhusiwi kufika, "mpaka akusahau." Jamani, nilipe laki nne ili mbwa wangu anisahau?

Wa pili nilikwenda mwenyewe, nikapanda daladala mbili na boda. Mabanda ya mabati, jua la saa saba, mbwa kama kumi wamefungwa minyororo mifupi. Mwalimu ana fimbo ya mpera mkononi, anaipiga piga kwenye buti akiongea. Akanieleza kwamba siri yake ni pilipili kwenye chakula, inaleta hasira. Niliaga nikasema naenda kuleta mbwa. Mpaka leo naleta.

La tatu lilikuwa darasa kwelikweli, la watu na mbwa wao pamoja, upande wa ufukweni kwa wageni. Nikafurahi. Nikaandikiwa bei kwa dola, somo lote kwa Kiingereza, saa 10 jioni siku ya Jumatano wakati mimi niko kazini. Nikaulizwa aina ya mbwa. Nikasema wa kienyeji amechanganya. Nikajibiwa nitawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Nasubiri.

Wa nne daktari wa mifugo, mtu mzuri tu, aliyemchanja. Ushauri wake: "Mfunge mchana, mfungulie usiku." Ndivyo tulivyolelewa wote, najua. Nyumbani kwetu Korogwe mbwa alikuwa hivyohivyo, mchana chini ya mwembe na mnyororo, usiku anazunguka. Lakini huyo mbwa hatukuwahi kumgusa, na alipokata mnyororo siku moja akamtafuna ndugu yetu wa damu paja.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Mimi ni mtu wa maabara. Kuna mradi wa APOPO pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, wanafundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi yanayotoka kliniki za Dar na Morogoro, na wengine kunusa mabomu ya ardhini. Nilishawahi kwenda kuwaona. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika kama 20, mimi na hadubini yangu kutwa nzima sifiki robo. Na hakuna fimbo pale! Kuna kidude kinalia "tik", panya akipatia anasikia tik, anakimbilia bomba la sindano lenye ndizi iliyopondwa. Akikosea, hakuna kinachotokea, hapati ndizi basi. Yule panya Magawa aliyepewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi ya mabomu kule Kambodia alizaliwa Morogoro hapohapo. Yaani kilomita 200 kutoka kwangu panya wanasoma mpaka wanapata nishani, na mimi Goba nzima sijapata mtu wa kumfundisha mbwa asirukie mama wa watu.

Swali: kuna darasa lolote Dar ambalo mwenye mbwa na mbwa wanafundishwa pamoja, kwa Kiswahili, mwishoni mwa wiki, bila fimbo? Niko tayari kulipa, ila si kwa dola.

---

Mkwaju_Mbichi

Mbwa anaitwa Kashata halafu unashangaa hana adabu? Ungemwita Mzee Juma angetulia.

---

KaziNaDawa

Dada, mimi nafundisha. Mwezi mmoja tu anakuwa moto wa kuotea mbali, hata wewe mwenyewe utaogopa kuingia kwako. Njoo PM.

---

MamaKashata

@KaziNaDawa ndugu yangu, umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari?

---

Afande_Mstaafu

Nimekaa na mbwa wa kazi miaka kumi na tisa, sasa nafuga kuku. Naomba niseme machache.

Mosi, hiyo ya kumpeleka mbwa mwezi mzima kwa mtu. Kikosini askari hupewa mbwa wake, na wanafundishwa wote wawili, pamoja, mpaka wamalize. Ukimchukua mbwa yule ukampa askari mwingine, anaanza kumpima upya, na siku kadhaa hatamsikia. Sasa wewe raia unampeleka mbwa peke yake, anamtii mwalimu, akirudi nyumbani anakuta watu walewale na mambo yaleyale. Wiki mbili tu amerudi alikokuwa. Unalalamika umetapeliwa, kumbe mwalimu alimfundisha kweli, ila wewe hukufundishwa.

Pili, pilipili na bangi. Huo ni ujinga wa siku nyingi. Mbwa kazi yake yote iko puani. Unamchoma pua halafu unasubiri alinde nini? Hasira ya maumivu haina macho, anamng'ata hata mtoto wa nyumbani.

Tatu, nikuulize. Nyumbani kwako mnamwambiaje akae?

---

MamaKashata

Shikamoo Afande. Umenigusa penyewe. Mimi namwambia "kaa." Mume wangu anamwambia "sit", ameiona kwenye simu. Dada wa kazi anasema "kaa chini wewe", na mama mkwe akija yeye ana neno moja tu la mbwa, "toka!", hata kama anamwita aje kula.

---

Afande_Mstaafu

Marahaba. Umeona sasa? Huyo mtoto yuko shule yenye walimu wanne na lugha nne.

Halafu "kaa" yenyewe ni mtego. Unamwambia kaa, yaani aweke matako chini. Dakika moja baadaye unaondoka unamwambia "kaa hapo", yaani asikufuate. Neno moja, mambo mawili. Mbwa hajui Kiswahili, anajua sauti. Chagueni: "keti" ni kukalia matako, "subiri" ni kutobanduka. Andikeni kwenye karatasi mbandike mlangoni pa jiko, na mama mkwe naye asome.

Kuvuta kamba: kamba ikikaza, simama. Usivute, usiseme kitu, simama kama nguzo ya umeme. Ikilegea hata kidogo, songa. Siku ya kwanza hutafika dukani, nakwambia kabisa, kwa hiyo usiende ukiwa unataka chumvi. Kamba iwe ya kawaida ya mita mbili hivi.

Kurukia watu: akiruka mgeuzie mgongo. Miguu minne ikigusa chini, mpe kitu hapohapo, sekunde ikipita ameshasahau ni kwa nini. Ukimsukuma kwa mikono unacheza naye, na ukimpigia kelele anadhani na wewe unabweka.

Dakika tano, mara tatu kwa siku, kabla ya chakula. Mbwa aliyeshiba hana haja na wewe.

---

NaiWaKasarani

Poleni majirani. Huku Nairobi madarasa yapo, hilo siwezi kudanganya. Lakini mengi yako upande wa Karen, na mimi niko Kasarani. Jumamosi asubuhi nimetoka na mbwa kwenye gari, foleni, ametapika mara mbili kabla ya kufika Westlands. Tukifika darasani amechoka, mimi nimekasirika, mwalimu ananiambia "relax, mbwa anahisi." Anahisi nini, anahisi nauli ya mafuta.

Nililipa masomo sita, nikahudhuria matatu. Kilichonisaidia zaidi ni kumpeleka Karura, kule msituni wanaruhusu mbwa akiwa kwenye kamba. Akawa anaona watu, baiskeli, mbwa wengine, farasi hata, mpaka akazoea. Nyinyi Dar mna pa kutembeza?

---

MamaKashata

Pa kutembeza? Sisi tuna barabara ya vumbi, bodaboda, na mbwa saba wa mtaa wanaosimamia kona. Ufukweni ni mbali na kuna watu wanaogelea. Lakini nyuma ya shule ya msingi hapa kuna kiwanja cha mpira, asubuhi kabla ya saa moja hakina mtu. Nimeanza kwenda hapo.

---

Mzee_wa_Pangani

Assalaam alaykum, na wengine habari za asubuhi.

Nimesoma habari ya yule mama jirani nikapenda ustaarabu wake. Niongeze kidogo, maana huku pwani watu huchanganya mambo. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, tunaosha mara saba na moja kwa udongo, kama alivyofanya. Lakini kuepuka mate yake si kumchukia mnyama. Na hilo neno "mbwa anafundishika" hakulitoa hewani. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha mawindo ya wanyama wa kuwindia mliowafundisha. Mbwa aliyefundishwa ana hukumu yake na asiyefundishwa ana yake. Babangu alikuwa na mbwa wawili wa kulinda mihogo dhidi ya nguruwe, na hawakuthubutu kuvuka kizingiti. Mstari wa chokaa ndio uliokuwa mpaka wao.

Kwa hiyo binti yangu, mfundishe huo mpaka kwanza kabla ya hayo ya kuketi. Getini kwako piga mstari.

Nawe Mkwaju Mbichi, nimecheka.

---

Dagaa_Kavu

Mnampa nini kama zawadi? Biskuti za mbwa za supamaketi bei yake ni ya chakula cha familia.

---

MamaKashata

@Dagaa_Kavu jina lako ndilo jibu. Nilinunua hizo biskuti mara moja, pakiti ndogo, Kashata akazinusa akaziacha kama mtu aliyeletewa makande harusini. Sasa natumia dagaa wa Kigoma, nawakata vichwa, mmoja namgawa mara mbili. Wa Mwanza niliwajaribu, wana mchanga. Siku za mtihani mgumu natumia maini yaliyochemshwa, vipande kama punje ya hindi. Mfuko wa suruali yangu unanuka, kazini wameshazoea.

Mzee wa Pangani, shikamoo. Ule mstari nimeupiga, kwa chokaa ya kupakia nyumba. Natoa taarifa hapa chini.

---

MamaKashata (wiki mbili baadaye)

Wakuu, mrejesho.

Darasa sikupata. Niseme wazi ili anayekuja kusoma uzi huu mwakani asipoteze muda kutafuta jibu: sikupata. Walionifuata PM ni saba, sita wanauza mbwa, na mmoja alitaka kujua kama nimeolewa.

Karatasi imebandikwa mlangoni pa jiko: KETI, SUBIRI, NJOO, ACHA. Mume wangu alisema "sit" siku mbili za kwanza, mtoto akawa anamtoza mia kila akikosea, akaacha. Mama mkwe amekataa kusoma karatasi, lakini nimeona akimpa Kashata dagaa kwa siri, nikanyamaza.

Kidude cha tik sikukipata dukani. Natumia kalamu ya kubonyeza. Kwanza ilibidi nimfundishe kwamba sauti ile ina maana: natoa tik, nampa dagaa, tik, dagaa, mara ishirini bila kumwomba afanye chochote. Siku ya pili nilibonyeza kalamu nikiwa chumbani naandika, Kashata akaja mbio kutoka uani. Hapo nikajua ameingia.

Kamba: siku ya kwanza kutoka getini mpaka kwa muuza mkaa, mita kama sitini, tulitumia dakika ishirini na tano. Nilisimama kama nguzo kama Afande alivyosema. Kijana wa boda aliniuliza kama nimeishiwa nguvu nipewe lifti. Siku ya nne tukafika dukani. Sasa tunafika na kurudi, ila njia ya kurudi bado anavuta, maana anajua kuna chakula.

Mstari wa chokaa ndio umenishangaza. Geti likifunguliwa anasimama nyuma ya mstari, miguu ya mbele imegusa chokaa yenyewe, mwili wote unatetemeka, lakini havuki. Juzi mama jirani alipita. Nilimwambia "subiri", nimeshika dagaa watatu mkononi, natoka jasho kama niko kwenye usaili wa kazi. Yule mama akasimama upande wake wa barabara akamtazama. Kashata akamtazama. Dagaa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama akasema, "Ehe," akaendelea na safari yake. Bodaboda ndiyo bado. Nikiwa mbali nayo hatua thelathini anaweza kuketi, ikisogea hapo anasahau hata jina lake.

Sasa jambo jipya. Kwenye kile kiwanja cha nyuma ya shule Jumamosi iliyopita nilikuta kaka mmoja na mbwa wake, naye alikuwa anasoma uzi huu. Tukafundisha pamoja, hatua ishirini kati yetu, wa kwangu anabweka wa kwake anajificha. Jumamosi hii tunakutana tena saa 12 na nusu asubuhi, tunamaliza saa 1 na nusu kabla ya watoto wa mpira, na kabla lami haijaanza kuunguza miguu ya mbwa. Afande amekubali kuja kutoka Kibaha mara moja kwa mwezi, tutachangia nauli yake na chai.

Hakuna ada. Mwenye kuja aniandikie PM nimwelekeze, na aje na mambo haya: kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kamba isiyo mnyororo, maji, mfuko wa kuokotea uchafu (kiwanja ni cha watoto), na dagaa wake mwenyewe. Fimbo ibaki nyumbani. Mbwa ambaye ameshawahi kung'ata mtu niambieni kwanza, tutamtengea saa yake. Na kama ikitokea bahati mbaya meno yakagusa ngozi, bomba liko pale pembeni ya choo cha shule: maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kwa saa, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi. Sabuni naleta mimi.

---

Mkwaju_Mbichi

Nina mbwa anaitwa Mzee Juma. Si utani. Anaruhusiwa?

---

MamaKashata

Mlete. Dagaa wa Kigoma, si wa Mwanza.